Kukoroga si Kuchanganya

Mama anayesukuma chapati jikoni hunyoosha donge, hulipaka mafuta, hulikunja, kisha hulisukuma tena. Mafuta hayaenei kwa nguvu ya mkono, bali kwa sababu kila mkunjo huzidisha matabaka. Jambo hilo la jikoni lina elimu kubwa ndani yake, na yuko mwanachuoni aliyelitumikia kwa zaidi ya miongo minne.

Profesa Julio Ottino ni mzaliwa wa Argentina. Alisomea uhandisi wa kemikali La Plata, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kisha akafundisha Northwestern, karibu na Chicago. Kitabu chake juu ya uchanganyaji kilichapishwa mwaka 1989.

Katika majaribio yake, alitia tone la rangi ndani ya kimiminika kizito, akakizungusha polepole, mara upande huu, mara upande ule. Rangi ikavutika, ikakunjwa, ikavutika tena, hata ikawa nyuzi nyembamba mno. Lakini pembeni yake vilibaki visiwa ambavyo rangi haikuvigusa, japokuwa vyote vilikuwa katika chombo kimoja. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa kukoroga ni jambo moja, na kuchanganyika ni jingine.

Baadaye aligeukia vitu vikavu, navyo vina ajabu zaidi. Punje kubwa na ndogo zikizungushwa pamoja ndani ya pipa, huweza kutengana badala ya kuchanganyika, na kuzidisha mizunguko si dawa. Hili si mchezo: unga wa dawa usipochanganyika sawasawa, kidonge kimoja hupungukiwa na kingine huzidi, na mgonjwa ndiye anayedhurika.

Kutoka hapo aliingia katika mifumo changamano, yaani mambo yenye sehemu nyingi ambazo tabia ya jumla yake haijulikani kwa kutazama sehemu mojamoja. Alishiriki kuasisi taasisi ya elimu hiyo chuoni hapo, na kuanzia 2005 hadi 2023 aliongoza skuli ya uhandisi. Humo alihimiza kwamba mhandisi atumie ubongo wake wote, wa hesabu na wa ubunifu. Yeye mwenyewe ni mchoraji, na picha za zile nyuzi za rangi zilimfunza sambamba na milinganyo.

Wazazi wengi, wamwonapo mtoto anachora pembeni mwa daftari la hesabu, humnyang'anya kalamu wakidhani wanaiokoa akili yake. Kwa kufanya hivyo huenda wanatenganisha vilivyokuwa vinakunjana vizuri. Aachiwe daftari la kuchorea, na hesabu zake zisahihishwe kama kawaida. Vyote viwili ni vyake.