Majibu Yetu Yaongoze Mipango



Watoto waliozaliwa katika bonde la Kilombero kati ya mwaka 1998 na 2000 waliandikwa na watafiti wa Ifakara. Wazazi waliulizwa mara kwa mara: Je, mtoto analala ndani ya chandarua chenye dawa? Mwaka 2019 watoto hao walitafutwa tena. Walikuwa watu wazima.

Wengine walidhani chandarua huahirisha kifo tu. Sivyo. Kwa idadi ileile ya watoto, penye vifo 100 vya waliokitumia mara chache, vya waliokitumia mara nyingi vilikuwa 57 hivi.

Basi, fedha za vyandarua zipangwe kwa kufuata hesabu hii. Mtafiti akibisha hodi, mwambie kweli. Mkutano wa kijiji ukikaa, simama uulize: Watoto wetu wana vyandarua? Mtoto mchanga hawezi kuuliza.