Kabla ya kulazwa usingizi, mwambie daktari unavyolala

Mgonjwa mwenye uvimbe wa taya, ulimi au koo akipangiwa upasuaji, anachohofia ni kisu. Sisi tunaona maswali mengi zaidi yaelekezwe kwenye dakika chache kabla ya kisu, pale anapolazwa usingizi.

Dawa ya usingizi hulegeza misuli. Ulimi huanguka nyuma na pumzi yaweza kusimama, ndiyo maana daktari wa usingizi huingiza mpira kooni ili hewa ipite. Uvimbe ukiwa mkubwa, mdomo haufunguki vizuri au njia ya hewa imesukumwa upande, na mpira hukosa pa kupita. Ubongo hauvumilii kukosa oksijeni kwa zaidi ya dakika chache.

Kwa hiyo usishtuke ukiambiwa mpira utawekwa ukiwa macho. Utapuliziwa ganzi puani na kooni, kisha kamera nyembamba inayopinda itangulie kuonyesha njia. Utakohoa na kutokwa machozi, lakini utakuwa unapumua mwenyewe. Wengine hutobolewa tundu shingoni, kwa ganzi, kabla ya kulala. Watu huliona tundu hilo kama hukumu ya maisha, kumbe mara nyingi huzibwa mgonjwa akipata nafuu. Hubaki kwa aliyeondolewa zoloto.

Mzazi, mtoto mdogo hawezi kutulia hivyo. Mara nyingi hulazwa taratibu kwa gesi huku akiendelea kupumua. Uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda hukua haraka mno, hivyo maelezo ya mwezi uliopita hayatoshi. Sema kama siku hizi mwanao anakoroma, analala ameketi, sauti imebadilika au meno yamelegea. Na tafadhali, usimpe uji kwa siri asubuhi ya upasuaji kwa kumwonea huruma: ukipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni.

Hospitali nazo zina wajibu. Mgonjwa wa namna hii aonwe na daktari wa usingizi mapema, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Njia yake ya hewa ikiwa ilisumbua, aandikiwe karatasi inayoeleza shida ilikuwa wapi na kilichosaidia ni nini. Usipopewa, iombe, uitunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Daktari atakayekulaza usingizi safari ijayo huenda hajawahi kukuona.