Kamba za gita zenye utando si anasa kwa korali za Masisi na Walikale

Jumamosi iliyopita tulimzika mama mmoja katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Masisi. Korali ilikuwa katika wimbo wa pili, kamba ya si ikakatika. Kijana wa gita akajaribu kuendelea na tano zilizobaki. Kabla ubeti haujaisha, kamba ya kwanza nayo ikaachia, nyekundu kwa kutu. Tulimaliza kwa sauti zetu, na watu wa Masisi wanajua kuimba. Lakini jioni, tukiwa tumekaa kwenye matanga, mzee wa familia alinishika mkono akasema: “Mwanangu, hata gita limechoka nasi.”

Gita lile nalijua. Februari 2024, mapigano yalipokaribia Sake, mwenyewe alilibeba mgongoni, mtoto kamshika mkono, wakateremka hadi Bulengo, magharibi ya Goma. Likakaa mwaka mzima chini ya turubai: moshi wa makala mchana, umande usiku. Februari 2025, kambi za kuzunguka Goma zilipovunjwa, likapanda tena milima pamoja na wenyewe. Ndani ya muda huo korali ilinunua seti tatu za kamba za bei ya chini. Ya tatu ilipokatika na pesa zimekwisha, wakafunga waya wa breki ya baiskeli. Leo daraja la gita, kile kibao kinachoshika kamba huku chini, limeng’oka upande mmoja.

Wenzetu wa Walikale wana yao. Machi 2025, vita vilipofika Walikale-centre, wengi walikimbilia porini. Mwalimu mmoja wa korali aliniambia kwa simu kwamba aliporudi alikuta gita lake pale pale alipolitundika, jikoni juu ya moto, ili lisishikwe na unyevu. Unyevu haukulishika. Moshi ulilimaliza.

Ndiyo maana leo naandika juu ya kamba. Maoni yangu ni haya: kwa hewa yetu na kwa barabara zetu, korali yenye pesa kidogo inunue seti moja ya kamba zenye utando kuliko seti tatu za kutupa, kisha imweke mtu mmoja wa kuzitunza. Bila mtu huyo, pesa za utando zimepotea bure.

Utando unafanya kazi gani

Gita la kamba za chuma lina kamba sita: mi, la, re, sol, si, mi. Katika seti nyingi, nne nene zina waya wa chuma ndani, na juu yake umezungushwa waya mwembamba wa bronzi. Mbili nyembamba ni chuma kitupu, mara nyingi kilichopakwa bati kidogo. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi huingia kati ya mizunguko ya bronzi, na kamba inakufa sauti kabla haijakatika. Zile mbili nyembamba zenyewe huliwa na kutu.

Miaka ya 1990 kampuni ya Marekani W. L. Gore, wale wa nguo za mvua za Gore-Tex, ilitoa kamba za Elixir zenye utando mwembamba sana wa plastiki. Baadaye D’Addario, Martin na wengine wakatoa zao. Utando unazuia jasho na unyevu kufika kwenye bronzi. Ulaya na Marekani seti ya namna hiyo inauzwa kama dola 15 hadi 20, na ya kawaida kama dola 6 hadi 10. Watengenezaji wanadai zinadumu mara tatu hadi tano zaidi. Tuseme wametia chumvi na zinadumu mara tatu tu: bei imesharudi. Na kwetu kuna gharama ambayo wale hawaihesabu: safari ya kuzifuata. Kamba ikikatika siku ambayo njia ya Sake imefungwa, hata ukiwa na dola 100 mfukoni utaimba bila gita.

Tazama sasa hewa yetu. Masisi ni mlima, ukungu na mvua sehemu kubwa ya mwaka. Upepo ukitoka mashariki, moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unapita juu ya Sake na kupanda kwetu, na mvua inayoupitia inashuka na asidi. Uliza mabati ya nyumba zetu. Walikale ni msitu: joto na unyevu usiku na mchana. Kama bati la nyumba halivumilii, waya mwembamba kama unywele utavumilia nini?

Kuna jambo lingine linaloniuma. Bronzi ya kamba nyingi ni shaba karibu asilimia 92 na bati karibu asilimia 8. Bati linatoka katika kasiterite, na kasiterite ndiyo inayochimbwa Bisie, kule Walikale. Shaba inachimbwa na ndugu zetu wa Katanga. Mawe yanatoka kwetu kwa tani, na kijana wa Walikale anakosa gramu chache za kamba. Kwa hiyo mtu asituambie kamba nzuri ni mambo ya wazungu.

Kabla ya kununua

Kwanza, lijue gita lako. Tazama daraja. Kama kamba zinaingia ndani ya mashimo na kuzibwa na vijiti vidogo, gita hilo ni la kamba za chuma. Kama kamba zinafungwa kwa fundo kwenye daraja, na kichwa kina mianya miwili mirefu, ni gita la nailoni. Usilitie chuma hata siku moja, iwe chenye utando au kisicho nao. Seti ya kawaida ya chuma inavuta kama kilo 70, karibu mara mbili ya nailoni. Nasema hivyo kwa aibu: nikiwa kijana niliweka kamba za chuma kwenye gita la nailoni la kanisa. Baada ya wiki chache ubao wa mbele ulivimba kama tumbo, na daraja likaruka katikati ya misa.

Pili, soma namba kwenye paketi. 010, 011, 012 ni unene wa kamba ya kwanza, kwa sehemu za elfu za inchi. Gita jipya na zima linabeba 012. Magita yetu mengi ni ya zamani, yameloa, yameanguka kwenye pikipiki, yamegundishwa tena. Kwa hayo chukua 010 au 011. Sauti itapungua kidogo, daraja litabaki mahali pake, na vidole vya watoto wanaojifunza vitapona.

Tatu, na hapa wauzaji hawasemi sana: utando unapigana na kutu na uchafu. Hauzuii kamba kukatika ikiwa imekazwa kupita kiasi au inakwaruzwa na ukingo mkali wa daraja. Kamba zinazokatika zaidi ni zile mbili nyembamba. Kwa hiyo, pamoja na seti moja yenye utando, nunua kamba mbili au tatu za akiba za mi ya juu na si, za kawaida, za bei ndogo. Na kama kamba inakatika mahali pale pale kila mara, usilaumu kamba. Tafuta penye ukali, upalaze taratibu kwa msasa mwembamba.

Nne, angalia paketi. Majina makubwa yanaigizwa. Paketi iliyofunguliwa, maandishi yaliyokosewa, rangi iliyofifia, bei ya chini ajabu: rudisha mkono mfukoni.

Kuzitunza

Hapa pesa haihitajiki. Nawa mikono kabla ya kushika gita. Vidole vilivyotoka kwenye mawese au makala vinafupisha maisha ya kamba yoyote. Ukimaliza kupiga, pangusa kila kamba kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini yake, toka kichwani hadi kwenye daraja. Ni dakika moja tu.

Usipake mawese, petroli wala mafuta ya gari. Nimeyaona yote. Mafuta yanakusanya vumbi na kuua sauti. Kamba za kawaida zilizochoka, watu huzichemsha dakika chache kwenye maji, wakazikausha vizuri, zikapata siku kadhaa za uhai. Hilo ni la kamba za kawaida. Zenye utando usizitie sufuriani; kwao kitambaa kinatosha.

Utando ni mwembamba, unachubuka. Capo ya chuma au ya msumari inaukwangua, basi funga kalamu kwa mpira wa tairi la ndani, upande wa mpira uguse kamba. Kipande cha kifuniko cha ndoo unachopigia, kilainishe ukingo wake kwanza. Siku moja utaona nyuzinyuzi nyeupe zikining’inia pale unapopiga. Usishtuke: ni utando unaochakaa, kamba bado inafanya kazi.

Ukiweka kamba mpya, kunja ncha kabla ya kukata, vinginevyo mizunguko ya bronzi italegea. Pitisha ncha ya kalamu ya risasi kwenye vijia vya kamba kule kichwani, ziteleze bila kukwama unapokaza. Usizilegeze zote kila usiku na kuzikaza kila asubuhi, zitachoka. Ukisafiri kwa pikipiki, legeza kidogo tu.

Na mahali pa kulaza gita: si juu ya jiko, si kwenye ukuta unaotoka maji, si chini ya turubai lenye jua kali. Gunia safi la mchele, ndani yake shuka au kitenge kikavu, litundikwe mbali na moto. Seti ya akiba ibaki katika paketi yake, haijafunguliwa, mpaka siku yake.

Na njaa je?

Nilipoeleza haya mbele ya kamati moja, mama mmoja alisimama: “Papa mwandishi, watoto wanalala na njaa, wewe unatuletea habari za kamba?” Ana haki. Nikiwa na dola 20 na mtoto wangu hajala, nitanunua unga, sitauliza ushauri kwa mtu. Korali isiguse pesa za chakula wala za mgonjwa.

Lakini pesa ninazozungumzia zinatumika tayari. Zinatoka katika sadaka ya korali, katika arusi, katika mchango wa vijana. Seti tatu za kutupa na waya wa breki vimeshalipiwa, na gita limevunjika juu yake. Ninaomba pesa zile zile zitumike kwa akili.

Tena gita ni kati ya vitu vichache tulivyo navyo visivyodai umeme. Kinanda kinataka betri na sahani ya jua, gita linataka kamba sita. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo: mtu mmoja na gita lake. “Masanga” inasikilizwa hadi sasa. Na kijana aliye kwenye mazoezi saa kumi na moja jioni, mama yake anajua yuko wapi. Katika wilaya zetu mbili hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kila korali ianzishe likelemba ndogo ya kamba, hata franka 500 kwa mwezi kwa kila mwimbaji, na daftari lake. Ichague mtunzaji mmoja wa gita, mwenye kitambaa na ufunguo. Wasichana wasisahauliwe katika kazi hiyo. Na ndugu wanaotoka Goma, Bukavu au Kisangani, pamoja na wafadhili wanaotuletea magita mapya, waulize kwanza: kamba za chuma au za nailoni, namba gani? Gita bila kamba za akiba ni zawadi ya miezi mitatu.

Siku ya kuondoa matanga ya yule mama inakaribia. Fundi seremala wa kijiji ameshagundisha daraja, na amekataza lisiguswe mpaka likauke. Korali imechanga pesa ya seti moja ya 011 yenye utando, na za akiba mbili. Pesa iko kwa mama mweka hazina. Tunangoja mtu anayepanda kutoka Goma mwenye nafasi mfukoni. Paketi yenyewe haizidi kiganja cha mkono.