Ndoa, Maradhi ya Akili na Mlango wa Nchi

Ndoa, iwe imefungwa mbele ya kadhi, padri, msajili wa Serikali au wazee wa ukoo, huwafunga wawili kutunzana katika uzima na katika ugonjwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yazitambua ndoa hizo zote, na haikukoma katika kuzitambua. Yamwamuru mume kumtunza mkewe. Na yamwamuru mke mwenye uwezo kumtunza mumewe, ikiwa mume huyo hawezi kujipatia riziki kwa sababu ya jeraha au ugonjwa, uwe wa mwili au wa akili. Amri hiyo ni njema, wala hapana mtu mwenye utu awezaye kuipinga. Basi ni ajabu kubwa kwamba Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, iliyopitishwa na Bunge la nchi ile ile, yamhesabu mwenye maradhi ya akili miongoni mwa wahamiaji waliopigwa marufuku. Sheria moja humwamuru mke amtunze mumewe mgonjwa. Nyingine humkataza mgonjwa huyo kufika mahali pa kutunzwa. Hapana budi moja kati ya hizo mbili iwe imekosea, nayo si ile ya ndoa.

Mgongano huu si wa vitabuni tu. Mkoa wa Singida haupakani na nchi ya kigeni, lakini barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi yapita humo, na ndoa hufuata njia za biashara. Na uchukuliwe mfano wa mkulima wa alizeti wa Ikungi aliyeoa Burundi, ambaye mkewe aliugua akili baada ya kujifungua, akatibiwa, akapata nafuu, na sasa anywa dawa kila siku. Mume huyu haombi Serikali imlishie mke. Aomba aruhusiwe kumlisha mwenyewe. Au na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa kike wa Kiomboi, mwenye mume Mkenya anayeugua sonona. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimpa mke wa raia haki ya kuandikishwa uraia kwa ajili ya ndoa yake, bali mume wa raia haikumpa haki hiyo. Kwa hiyo mwalimu huyu husimama mbele ya milango miwili iliyofungwa: mmoja kwa kuwa yeye ni mwanamke, wa pili kwa kuwa mumewe ni mgonjwa.

Wapo wasemao ya kwamba katazo hili huzuia gharama, kwani nchi yenye waganga wachache wa akili haifai kuongeza wagonjwa kutoka nje. Hoja hii yasikika kama busara mpaka iulizwe ni nani hasa abebaye gharama hiyo. Mgonjwa wa Singida azidiwapo hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, mjini Dodoma, safari ya kilomita zipatazo 240. Amsindikizaye kwa kawaida ni mke, mume, mama au ndugu. Ampimiaye dawa nyumbani, akeshaye naye, na alimaye shamba la watu wawili kwa mikono ya mtu mmoja, ndiye huyo huyo. Mwenzi wa ndoa ndiye hospitali ya kwanza. Kumtenga mgonjwa na mwenzi wake si kupunguza gharama, bali ni kumwondoa mtumishi asiyelipwa mshahara na kuliacha pengo lake wazi. Kanada, ambayo matibabu yake hulipwa na hazina ya umma, ilikubali katika sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2002 kwamba mwenzi wa ndoa hazuiwi kwa hofu ya gharama za matibabu yake. Ikiwa nchi ilipayo yote imeweza kusema hivyo, ile inayoziachia jamaa sehemu kubwa ya mzigo ina udhuru gani?

Wengine husema kwamba ni suala la usalama. Lakini usalama hulindwa kwa kuangalia matendo, si majina ya maradhi. Marekani iliwahi kufikiri kama wafikirivyo hawa. Sheria yake ya mwaka 1882 iliwaweka wenye wazimu katika fungu moja na wafungwa na wasioweza kujitunza; na ile ya mwaka 1952 ilimfungia mlango hata mtu aliyepata kushikwa na wazimu mara moja tu maishani. Mwaka 1990 katazo hilo la jumla lilifutwa, likawekwa swali jingine: je, ugonjwa huo una mwenendo uletao hatari kwa mtu au kwa mali? Swali hilo laweza kutumiwa vibaya, lakini angalau ni swali. Sheria ya mwaka 1995 haiulizi ugonjwa ni mkali au mwepesi, umetibiwa au haukutibiwa; jina latosha kuwa hukumu.

Na madhara yaliyo makubwa kupita yote ni haya: sheria kama hiyo humwadhibu mkweli. Aliyekwenda kwa mganga ana faili. Aliyejificha ndani hana. Aliyekiri mbele ya ofisa hukataliwa, aliyenyamaza hupita. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Nayo sheria yamfundisha mgonjwa kuficha mpaka kilio kifike. Katika nchi ambamo jina la Mirembe limegeuzwa kuwa tusi la mitaani, aibu yatosha kuwazuia watu wasitafute dawa. Haikuhitaji msaada wa Bunge.

Yaweza kujibiwa kwamba maofisa wengi wana huruma na hawaulizi sana. La hasha, hilo si jibu. Haki itegemeayo usingizi wa ofisa si haki. Tena Watanzania hulalamika, na kwa sababu njema, jamaa zao wapimwapo na kuhojiwa kwa dharau katika balozi za wakubwa. Nyani haoni kundule: neno wanalolichukia katika midomo ya wageni limeandikwa katika sheria yao wenyewe.

Dawa yake si ngumu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaowalinda wenye ulemavu wa akili pia katika mambo ya uhamaji na uraia. Yafaa maneno ya marufuku yafutwe. Ofisa aruhusiwe kuangalia hatari iliyothibitishwa tu, kwa cheti cha mganga na kwa nafasi ya kukata rufani. Mume wa raia apewe haki sawa na mke wa raia. Na dhamana ya mwenzi aliye tayari kutunza ihesabiwe kuwa dhamana. Mpaka hapo Bunge litakuwa limeamuru kwa sheria moja jambo ambalo limelizuia kwa nyingine, na watakaolipa gharama ya kutopatana huko ni wagonjwa na wale waliokubali kufunga ndoa nao.