Mizani ya Pamba na Mita ya Umeme

Katika vyuo vyetu vya ufundi yamo makabati yaliyofungwa kwa kufuli, na ndani ya makabati hayo zimo mita za umeme za mezani, zile zenye tarakimu, ambazo vijana wetu huziona kupitia kioo tu. Nyingine zilinunuliwa kwa kodi ya wananchi, nyingine ni msaada kutoka ng'ambo. Ukiuliza kwa nini hazitumiki, utajibiwa neno moja kati ya mawili: "zitaharibika," au "zimeharibika." Twasema leo ya kuwa majibu yote mawili hayafai, wala jambo hili si la walimu wa umeme peke yao. Ni la kila mwanachama aliyejenga nyumba, au anayetumaini kujenga.

Ndugu, kumbukeni habari ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Mkulima alifika na mzigo wake, mnunuzi akapima kwa mizani yake mwenyewe, akatamka uzito, na neno lake likawa ndilo neno. Wakulima hawakuishia kulalamika. Waliweka wapimaji wao, mzigo ukapimwa kwanza na mtu wao kabla haujafika kwa mnunuzi. Katika vuguvugu hilo ndugu Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likapatikana Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Watu wale walitambua mapema ya kuwa anayeshika kipimo ndiye anayeshika bei.

Je, leo mwananchi apunjwa wapi? Apunjwa katika mambo asiyoweza kuyaona kwa macho, na umeme ni la kwanza. Chukueni waya wa nyumba, ule mafundi wauitao wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5 za shaba. Muuzaji asema ni shaba tupu. Ukiukata waona rangi ya shaba. Lakini ziko nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu tu, na ziko za shaba kweli lakini nyembamba kuliko maandishi yake. Ukizifukia ukutani na kuwasha pasi na jiko, zapata moto kuliko ipasavyo, na siku nyumba ikiungua watu husema, "ni hitilafu ya umeme." Umeme wasingiziwa, ndugu zangu. Aliyeuza waya ule amelala kwake salama.

Sasa sikilizeni kazi ya mita. Kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60228 chasema ya kuwa waya wa shaba wa 1.5 usizidi ukinzani wa omu 12.1 kwa kilometa moja, katika joto la nyuzi 20. Basi roli moja ya meta 100 isizidi omu 1.21. Kwetu joto ni zaidi, na shaba huongeza ukinzani kadiri ya asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo katika chumba cha nyuzi 30 ruhusuni mpaka omu 1.26 hivi. Roli ikisoma 1.7 au 1.8, hiyo si shaba ya 1.5, hata likibandikwa karatasi ya namna gani. Lakini muwe macho: roli iliyopunjwa urefu nayo husoma chini, na waya mwembamba ukiwa mfupi waweza kujifanya mwema. Pimeni urefu kwanza. Mdanganyifu hutumia njia mbili kwa pamoja.

Mtu atasema, mita ndogo ya mkononi haitoshi? Kwa kazi nyingi yatosha kabisa, na hatuidharau. Hapa haitoshi. Nyingi za bei rahisi husoma kwa hatua ya omu 0.1, na nyaya zake zenyewe zina omu 0.2 au 0.3, ambazo huingia katika hesabu. Mita nzuri ya mezani hupima kwa nyaya nne: mbili zapeleka mkondo, na mbili zasoma volti palepale kwenye ncha za waya unaopimwa. Hivyo ukinzani wa nyaya za mita hauingii katika jibu. Tena, ni nani atakayetuambia kama mita ya mkononi yasema kweli, isipokuwa ile kubwa iliyo mezani? Kufungia mita ya mezani kabatini ni kuificha mizani ambayo mizani nyingine zote zingepimwa kwayo.

Wale wasemao "itaharibika" wanayo hofu ya kweli kidogo, nasi twaijua ilipotoka. Mita huharibika mara nyingi kwa kosa moja, na kosa hilo ni rahisi kueleza. Mwanafunzi ahamisha waya mwekundu kutoka tundu la volti hadi tundu la ampea ili apime mkondo. Amaliza, asahau kuurudisha. Mwenzake aja, ataka kupima volti 230 za ukutani, na pale pale afanya njia fupi kupitia mita. Fyuzi yakatika. Hapo fyuzi imefanya wajibu wake, imekufa badala ya mita na badala ya mtu. Msiba waanza baadaye, pale fundi asiye na fyuzi ya akiba anapoweka kipande cha waya badala yake, ama anapotafuta fyuzi ya gari yenye ampea yoyote. Jambo hili twalilaani bila kumung'unya maneno. Mita hiyo sasa ni bomu lililowekwa mbele ya mtoto wa mwenzako, na kosa lijalo halitakata fyuzi. Litaunguza ubao wa ndani, au mkono.

Dawa yake si kufuli. Kila chumba kiwe na fyuzi za akiba za aina ileile iliyoandikwa nyuma ya mita au katika kitabu chake: ampea zilezile, volti zilezile, kasi ileile. Kila kipimo cha mkondo kikiisha, waya urudi tundu la volti kabla mtu hajainuka kitini. Na mita hii ibaki mezani kama jina lake lilivyo; isipelekwe kwenye nguzo wala kwenye ubao mkubwa wa umeme wa kiwanda, maana haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Wale wa "imeharibika" nao twawauliza: mmeifungua? Mita iliyotoka Marekani yaweza kuwa imewekwa kwa umeme wa volti 120, na sisi hapa twatumia 230. Nyingi zina kichaguzi nyuma, cha 100, 120, 220 na 240. Mtu aliyeichomeka bila kutazama alikata fyuzi ya umeme unaoingia, akaandika "mbovu" kwenye karatasi, na mita ikakaa kabatini miaka kwa ajili ya kijifyuzi kisichozidi kidole. Yafaa chombo cha namna hiyo kichunguzwe na mtu anayejua, kimechomolewa ukutani, kabla ya kupelekwa mnadani kwa bei ya chuma chakavu.

Utunzaji uliobaki si mgumu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mita ikiwa imechomolewa. Petroli na spiriti kali zisiguse kioo chake. Matundu ya hewa yasizibwe. Kule pwani chumvi hula shaba, kwa hiyo ncha za nyaya zikaguliwe. Na mita iachwe ipate joto lake kabla ya kazi ya uhakika. Ile ya Hewlett-Packard 34401A, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991 na ambayo ingali ikifanya kazi katika maabara nyingi duniani, yataka saa nzima, na usahihi wake umeahidiwa katika joto la nyuzi 18 mpaka 28. Mwalimu mwenye haraka atasema huo ni ubwanyenye wa vyombo. Sisi twasema hata mkulima wa Jimbo la Ziwa alihakikisha mshale uko kwenye sifuri kabla ya kuweka mzigo.

Kisha ugezi. Neno hili halijaenea, nalo lafaa lienee: maana yake ni kulinganisha chombo na kipimo cha juu kinachoaminika, ili tujue kimepotoka kwa kiasi gani. Kwa mita za mezani desturi ni mara moja kila mwaka. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina maabara ya kazi hiyo. Mita isiyopata ugezi kwa miaka kumi yaweza kuonyesha tarakimu sita zinazong'aa, na tatu za mwisho zikawa ni mapambo. Tarakimu nyingi si ukweli mwingi. Mahali ambapo fedha ya ugezi hufutwa kwanza kila bajeti inapopunguzwa, watu wamekubali kurudi kwenye neno la mnunuzi.

Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha ya kuwa tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa na wahandisi wawili tu. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua kitivo cha uhandisi, na mwaka 1994 ikaundwa VETA. Udhuru wa mwaka 1961 hatunao tena. Watu tunao, vyombo vingine tunavyo. Kilichopungua ni mtu mmoja katika kila karakana ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari ya ile mita, na ambaye ataulizwa.

Basi twaomba matawi yaanze kuuliza. Palipo na chuo cha ufundi, kamati ya tawi iende kwa heshima kwa mkuu wa chuo, pamoja na fundi mmoja na roli moja ya waya iliyonunuliwa dukani wiki hiyohiyo, na iombe ipimwe mbele yao. Wamwulize mita ilipata ugezi lini, fyuzi za akiba ziko wapi, na ufunguo wa kabati ana nani. Akisema ufunguo uko kwa bwana fulani aliyehamishwa Dar es Salaam, wamwulize alihamishwa mwaka gani, na jibu hilo waliandike katika kumbukumbu za mkutano.