Sungura jitu au sungura wa mizani?

MFUGAJI wa Mpanda anayetaka kuanza na sungura hukutana kwanza na swali la mbegu. Anaonyeshwa Flemish Giant, jitu linaloweza kupita kilo 6, na bei yake hupangwa kwa ukubwa huo. Pembeni wapo New Zealand White wa kilo 4 hadi 5, California anayemkaribia, na sungura wa kienyeji ambaye mara nyingi hafiki kilo 3. Kwa macho, uamuzi ni rahisi.

Kwa mizani si rahisi hivyo. Uzito anaoutaja muuzaji ni wa sungura aliyekomaa, wakati sungura wa nyama huchinjwa akiwa na kilo 2 hadi 2.5. Flemish Giant hufika hapo mapema, lakini katika uzito huo bado ana mifupa mingi kuliko nyama. Jike lake husubiri miezi 8 au 9 kabla ya kupandishwa, wakati New Zealand White hupandishwa kwenye miezi 5 au 6. Hiyo ni miezi mitatu ya kulisha tumbo lisilozaa. Tena uzito wake humletea vidonda vya miguu kwenye vizimba vyenye sakafu ya waya.

New Zealand White, ambayo licha ya jina lake ilitokana na kazi ya wafugaji wa Marekani, ilichaguliwa kwa ajili ya nyama, kama California. Akichinjwa, nusu ya uzito wake au zaidi kidogo ni nyama na mifupa ya kuuzwa.

Hata hivyo, mbegu bila chakula ni jina tu. Kitoto kilichoachishwa kikiwa na gramu 600, kikiongezeka gramu 35 kwa siku kwa chakula cha vidonge, kitafika kilo 2 baada ya siku 40. Kitoto hicho hicho kikila majani na pumba za mahindi peke yake, kikaongeza gramu 15 kwa siku, kitahitaji siku 93. Mashudu ya alizeti na majani ya viazi vitamu hupunguza pengo hilo, kwa kuwa pumba zina upungufu wa protini. Tatizo ni kiangazi, majani mabichi yanapoadimika. Asiyekausha majani mwezi Aprili na Mei atawaona sungura wake wakidumaa, wawe wa mbegu yoyote.

Mkoani Katavi liko pia suala la joto, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Sungura hatoi jasho kama binadamu. Joto likizidi nyuzi 30 hula kidogo, na dume anaweza kupandisha wiki kadhaa bila mimba kushika. Majitu huumia zaidi.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia nafuu ni kununua dume mmoja wa New Zealand White au California na kumpandisha kwa majike wa kienyeji waliozoea mazingira, kisha kupima watoto kila wiki na kubakiza majike wanaokua haraka. Dume abadilishwe kabla hajawapanda binti zake.

Kinachobaki ni soko. Sungura akiuzwa kwa kichwa, mwenye wa kilo 2.5 hulipwa sawa na mwenye wa kilo 1.8, na gharama ya mbegu bora hairudi. Kabla ya kulipia jitu, mfugaji amuulize mnunuzi wa nyama kama ananunua kwa kilo.