Sauti Kwanza, Jina Baadaye

Mtoto wa miaka mitano, wa Butembo au wa Beni, anaimba herufi zote toka A mpaka Z bila kukosa. Wazazi wanafurahi. Lakini mwalimu akiandika ubaoni neno mama, mtoto ananyamaza. Je, ni mjinga? La! Kosa si lake. Amefundishwa majina ya herufi. Sauti zake hakufundishwa.

Tazama: kwa desturi ya Kifaransa herufi m huitwa em. Mtoto akiunga em-a-em-a, atapata mama wapi? Lakini akijua kufumba midomo na kusema mmm, kisha a, neno linakuja lenyewe. Vivyo hivyo s huvutwa: sss. Herufi b haivutwi. Hiyo ifundishwe pamoja na wenzake: ba, be, bi, bo, bu.

Kiswahili chafaa sana kwa kazi hii. Irabu zake ni tano tu, na kila moja ina sauti ile ile siku zote. Kifaransa si hivyo. Sauti ya u iliyo katika jina Butembo, Wafaransa huiandika kwa herufi mbili, o na u. Mtoto anayesema Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni asitwikwe mzigo huo kabla hajaweza kusoma maneno anayoyajua.

Wengine husema: “Wazee walianza na majina ya herufi, nao walijua kusoma.” Ni kweli, wengi walijua. Lakini wale waliokaa nyuma ya darasa, wakachekwa, wakaacha shule, nani aliwahesabu? Majina nayo yana siku yake: mtu huyahitaji atafutapo neno katika kamusi. Basi, yaje baada ya sauti.

Tena jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2014 jamaa nyingi za Beni zimekimbia vijiji vyao kwa sababu ya mauaji. Mtoto akikimbia huacha kitabu, huacha hata daftari. Lakini sauti aliyoishika haianguki njiani.

Kwa hiyo mwanafunzi mkubwa mwenye mdogo wake nyumbani asingoje ubao. Mchanga unatosha, na kidole, na uvumilivu. Leo a, kesho m: haba na haba hujaza kibaba. Na siku ile mdogo atakaposoma mama, mama mwenyewe aitwe, aje asikie.